Mteja Nambari Moja

Wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, sogea karibu nikueleze haraka, kabla wengine hawajachoka kungoja.

Jina langu ni Adero Ajwang. Mmeshasikia jinsi nilivyofukuzwa kwenye shamba la maua kwa kosa ambalo halikuwa langu, jinsi mchumba wangu alivyohama Kitengela bila kuniaga, akaondoka hata na jiko langu la mafuta, na jinsi Mzee Githinji alivyonipa kazi katika duka lake la dawa za mifugo na chakula cha ng'ombe. Mzee ana maduka matatu: moja liko Kitengela, jingine Bisil, na la tatu liko Kajiado mjini.

Mmesikia pia dhambi yangu ya mwaka wa 1999. Siku Mzee aliponunua kompyuta ya kwanza, mwalimu aliyekuja kutufundisha aliniambia niandike jina la mteja yeyote, hata wa uongo, tuijaribu mashine. Nikaandika Nyaguthii Obura, mkazi wa Matasia. Kompyuta ikampa nambari 1.

Obura ni kakangu. Nyaguthii ni msichana aliyeondoka naye mwaka wa 1994, Baba aliposema kwamba binti wa Kikuyu hataolewa katika boma lake. Msichana mwenyewe sikuwahi kumwona, nilijua jina tu. Matasia ndiko mtu aliwahi kuniambia aliwaona. Nilienda huko mara mbili kuwaulizia, nikarudi na vumbi la viatu. Basi nilipoambiwa niandike jina, vidole vyenyewe vikaandika hilo.

Mwalimu akanakili kazi ile kwenye diski akaipeleka Bisil na Kajiado bila kufuta kitu. Maduka yote matatu yakawa na mteja nambari 1 mmoja, na mteja huyo hakuwako popote duniani.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni yaliyonipata mwaka wa 2005.

Mzee Githinji alitaka madaftari matatu ya wateja yawe moja. Alitaka mtu akinunua dawa ya kupe Bisil leo, na chumvi ya ng'ombe Kajiado kesho, tujue ni yule yule. Kazi hiyo akaniachia mimi.

Ilinichukua miezi minne, tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa na akina Mugo thelathini na mmoja, na kumi na tisa kati yao walikuwa Mugo mmoja, ila kila duka lilimwandika lilivyosikia. Kuna shule ya bweni iliyoandikwa mara tatu: kwa jina la shule, kwa jina la mwalimu mkuu, na kwa jina la mpishi aliyetumwa kununua chakula cha kuku. Kuna kanisa lililokuwa limeandikwa kama mwanamume.

Nikajiwekea sheria. Jina moja na mahali pamoja, huyo ni mtu mmoja. Nikabonyeza. Kompyuta ikawaunganisha watu usiku na mchana kama padri siku ya ndoa za pamoja.

Jumatatu asubuhi Mzee akaingia na karatasi mkononi. Alikuwa anatabasamu, na Mzee Githinji si mtu wa kutabasamu Jumatatu.

"Adero, huyu mama ni nani?"

Nikaangalia. Ilikuwa orodha ya wateja wakubwa wa miaka sita, tangu kompyuta ije. Nilitarajia kumwona juu kabisa Gakuru wa Isinya, mwenye kuku elfu nne. Gakuru alikuwa wa pili.

Wa kwanza alikuwa Nyaguthii Obura.

"Amemshinda Gakuru mara sita," Mzee akasema. "Mara sita. Na angalia hapa. Siku moja ananunua Kitengela, ananunua Bisil, ananunua Kajiado. Huyu halali."

"Mzee, kuna kitu kidogo kuhusu huyo mteja."

"Najua. Hakuna mtu amewahi kumwambia asante." Akakunja karatasi akaitia mfukoni. "Duka linamaliza miaka kumi mwezi huu. Nilikuwa nataka kuchinja mbuzi tule. Sasa nimebadilisha. Nitampatia huyu mama mtamba wa gredi, mwenye mimba ya miezi mitano. Mbele ya watu."

"Mzee, ngoja nikuambie."

"Wewe ndiye umemtoa kwa giza," akasema. "Kutoka leo wewe ni msimamizi wa daftari la wateja. Ofisi yako ni ile ya nyuma. Ile iko na dirisha."

Ndugu msomaji, nakuambia ukweli wa Mungu. Ni dirisha hilo lililonifunga mdomo. Kwa miaka sita nilikuwa nimefanya kazi katikati ya magunia, nikinuka unga wa samaki hata Jumapili kanisani. Sikuwahi kupewa dirisha na mtu yeyote. Nikasema, "Asante Mzee," nikaenda kukaa hapo, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena kama mtoto, hadi Cate akaja kuona ni nini kinachogonga.

Cate alikuwa mwenzangu wa kaunta. Nikamweleza yote, tangu diski ya 1999. Alicheka akakaa chini sakafuni.

"Adero, unajua ni nani amemnenepesha huyo mama? Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Mtu akija hana nambari, na laini ni ndefu, utaanza kumwandikisha hapo? Nabonyeza moja, risiti inatoka, anaenda. Moja iko karibu na kidole. Bisil wanafanya hivyo. Kajiado pia. Kila mtu hufanya hivyo."

Nikaelewa. Kwa miaka sita, kila mpita njia aliyenunua dawa ya minyoo kwenye barabara ya Namanga, kutoka Kitengela hadi Bisil, alikuwa amenunua kwa jina la Nyaguthii Obura. Nilikuwa nimechukua wapita njia wa maduka matatu nikawaunganisha kuwa mwanamke mmoja.

"Nifanye nini?"

Cate akafikiri. "Andika amehamia Tanzania. Namanga ni hapo tu."

Wazo lilinipendeza. Nililiona limekaa vizuri kabisa. Nikaenda kwenye kompyuta kumhamisha mteja wangu nje ya nchi, nikawa nimefika kwenye mahali pa kuandika anwani, ndipo redio ya kaunta ikamaliza wimbo na mtangazaji akaanza kusoma matangazo.

Mzee alikuwa amelipia tangazo. Bi. Nyaguthii Obura, popote ulipo, unaombwa kufika dukani Kitengela siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi, uje na risiti, upokee mtamba wako.

Cate akaniangalia. Nami nikamwangalia.

"Sasa," akasema polepole, "ile risiti huwa inaandika jina, sivyo?"

Inaandika. Juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Ijumaa nilifika saa moja na nusu na laini ilikuwa imeshafika kwenye kituo cha petroli. Kulikuwa na akina mama wamebeba watoto, wazee na fimbo zao, vijana na pikipiki. Wengine walikuja na kamba za kufungia ng'ombe, wamejiandaa kabisa. Kila mmoja alikuwa ameshika risiti, na kila risiti iliandikwa Nyaguthii Obura.

Mzee alikuwa ameenda Kajiado kuchukua mtamba. Alinipigia simu akaniambia nianze kuwapokea, nimpate mwenyewe kabla yeye hajafika.

Wa kwanza kukaa mbele yangu alikuwa kijana mwenye mafuta ya injini hadi kwenye viwiko.

"Jina lako?"

"Bedan."

"Bedan, tunatafuta mama."

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Nilinunua hapa dawa ya mbwa mwaka jana. Karatasi ikasema Nyaguthii Obura. Nikanyamaza, nikadhani ni jina ya dawa."

Nikamwandika, nikamwambia asubiri kando.

Akaja mzee wa Kimaasai, ametoka Bisil na gari la alfajiri. Tukasalimiana, "Sopa," "Epa," akakaa akapanga risiti kumi na nne mezani moja moja, zimenyooshwa kama zimepigwa pasi.

"Hii karatasi inasema mimi ni nani?" akaniuliza.

"Inasema Nyaguthii Obura, mzee wangu."

"Zote?"

"Zote."

"Basi." Akaegemea fimbo yake. "Nyumbani nina jina ingine. Lakini hapa kwa duka yenu, nyinyi ndio mmesema mimi ni Nyaguthii. Mimi sikusema."

Nikamwandika. Alikuwa na haki kuliko mtu yeyote mle ndani.

Mama mmoja aliyejipaka mafuta mazuri na kuvaa kitambaa kipya alidai yeye ndiye hasa, kwa jina na kwa damu. Nikaona nimjaribu.

"Mume wako ndiye Obura?"

"Ndiyo. Obura wangu."

"Ni mtu wa wapi?"

"Murang'a," akasema bila kupepesa macho, kana kwamba Waluo hutoka Ukikuyuni.

Cate aliinama chini ya kaunta, nikaona mabega yake yakitetemeka.

Kisha Phylis, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kufuga kuku, akaingia na wenzake kumi. Akasema wao wote kumi na mmoja ni Nyaguthii, maana hununua pamoja, na kwamba wamekubaliana mtamba akae kwake siku za wiki na kwa katibu Jumamosi na Jumapili.

Kufikia saa nne nilikuwa nimeandika akina Nyaguthii sabini na wawili. Nilicheka hadi mbavu zikauma, halafu nikaona machozi yananitoka, na sikujua kama bado nilikuwa nacheka. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia anadanganya, isipokuwa yule wa Murang'a. Mwongo mkubwa wa chumba kile alikuwa mmoja, na ndiye aliyepewa dirisha.

Ndipo nikasikia kelele mlangoni. Mwanamke alikuwa anapita kando ya laini na watu wanamrudisha.

"Mimi sikuja kwa ng'ombe," alikuwa anasema. "Ng'ombe wenu kaeni naye. Nani ndiye mkubwa wa hii kompyuta?"

Laini nzima ikanyoosha vidole kwangu.

Alikuwa mwembamba, wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta ya kijani na viatu vya mpira vyenye samadi. Hakuwa na risiti. Alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akaiweka mbele yangu, na juu yake akaweka kitambulisho.

Nikasoma kitambulisho. Lydia Nyaguthii Obura.

Nikasoma tena. Nikakigeuza, nikaangalia nyuma, nikarudi mbele.

"Unaona hiyo karatasi?" akasema. "Mlinipea hapa mwezi wa kwanza. Mlisema ni zawadi ya mwaka mpya, mteja aone vile amenunua."

Niliikumbuka. Ilikuwa fikira yangu mwenyewe. Kila mteja tulimchapishia ukurasa wa manunuzi yake ya mwezi mmoja, kwa kuunganisha maduka matatu kwa majaribio, ili nione kama kazi yangu inafanya kazi.

"Mimi nakaa Kisaju," akaendelea. "Nina ng'ombe watatu. Mara ya kwanza nikija hapa nikasema jina langu, huyu dada wa kaunta akaandika, akasema, tayari uko kwa kompyuta. Nikafurahi. Nikauliza, mbona inasema Matasia na mimi ni wa Kisaju? Akasema hiyo haina shida."

Cate alikuwa ameacha kucheka.

"Sasa mume wangu alisoma hiyo karatasi. Inasema mimi niko na nyumba Matasia. Inasema tarehe nane nilinunua chumvi ya ng'ombe hapa, na tarehe hiyo hiyo nikanunua dawa ya ngamia Bisil. Akaniuliza, Mama Cindy, ngamia ni wa nani?"

Akina mama wa kuku wakasogea karibu wasikie.

"Nikamwambia sijui. Akasema anayejua yuko Bisil. Akafunga begi. Ni wiki ya tano sasa, amekodi chumba karibu na soko ya mifugo. Kila siku anakaa nje ya duka yenu, anangoja aone nitakuja na nani. Simu yangu hashiki."

"Mtu mrefu?" Cate akauliza. "Anabeba gazeti?"

"Ndiyo yeye."

Cate akaniangalia akiwa amefungua mdomo. Kwa mwezi mzima wenzetu wa Bisil walikuwa wakitupigia simu juu ya mtu mrefu anayekaa ng'ambo ya barabara na gazeti lile lile. Walidhani ni mtu wa kodi. Walikuwa wamepanga risiti zote za miaka sita na kupaka duka rangi upya kwa ajili yake.

Watu walianza kucheka, na mwanamke yule naye akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mkono, na nikaona kwamba hakuwa anacheka tena.

Nilijiambia akina Obura ni wengi. Nilijiambia nilichojifunza kwa miezi minne na kwa aibu ya asubuhi ile: jina peke yake si mtu. Ni lazima upate kitu cha pili.

Nje honi ikalia. Mzee Githinji alikuwa amefika na pikapu, na nyuma ya pikapu mtamba mweusi na mweupe amevalishwa utepe mwekundu shingoni. Laini yote ikaimba. Wote sabini na wawili walimkaribisha ng'ombe wao.

Mzee akaingia, akaona kitambulisho mezani, uso ukang'aa. Akamshika mwanamke mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, karibu sana. Tumekutafuta."

"Mimi sitaki ng'ombe," mwanamke akasema.

Ilinibidi nisimame. Nilijua nikikaa dakika moja zaidi nitaanza kulipenda tena lile dirisha.

"Mzee, huyu hakununua vitu hivyo. Hakuna mtu alinunua. I mean, kila mtu alinunua." Nilianza upya. "Nambari moja nilimtunga mimi, mwaka wa 1999, siku ya mafunzo. Halafu wote tukawa tunamtumia kwa watu wasio na nambari. Halafu nikamuunganisha. Nilijua Jumatatu na sikukuambia."

Mzee Githinji alikaa juu ya gunia la pumba. Nje nikamsikia mtamba akikojoa kwenye pikapu.

"Kwa hivyo mteja wangu mkubwa ni hewa," akasema.

"Ni hawa wote, Mzee." Nikaonyesha laini.

Akaangalia mlangoni. Mzee wa Kimaasai akamwinulia fimbo kwa heshima. Bedan akapunga mkono. Phylis akasema, "Sisi tuko kumi na mmoja."

Nilingoja kufukuzwa. Nimefukuzwa mara nyingi, najua jinsi uso wa mtu unavyojipanga kabla. Uso wa Mzee ulianza kujipanga, kisha ukavunjika katikati, na kicheko kikatoka ambacho sikujua anacho. Alicheka akipiga gunia, na pumba zikapanda hewani hadi akaanza kukohoa.

"Miaka sita," akasema, akijipangusa macho. "Na nilikuwa nimeandika hotuba."

Alipotulia akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Umejua kuwachanganya. Sasa utawatenganisha, mmoja mmoja, risiti kwa risiti. Mpaka umalize, huyo ng'ombe ni wako kulinda. Na kwanza utamtengenezea huyu mama nyumba yake."

"Nataka barua," mwanamke akasema haraka, kana kwamba alikuwa amekariri njiani. "Iko na muhuri. Iseme sijawahi kununua kitu Bisil. Iseme sina nyumba Matasia. Na iseme juu ya hiyo ngamia."

Nikakaa kwenye kompyuta. Mzee akasimama nyuma yangu akisema maneno, nami nikiandika. Sisi wenye duka tunathibitisha kwamba Bi. Lydia Nyaguthii Obura ni mteja wetu wa Kitengela peke yake. Ngamia aliyetajwa si wake na hajawahi kuwa wake. Makosa yote ni yetu.

"Tunamwandikia nani?" nikauliza. "Jina lote la mume wako."

"Obura Ajwang."

Vidole vilisimama juu ya herufi.

"Ni mtu wa wapi?"

"Ugunja. Lakini hajaenda huko tangu tuoane. Ni fundi wa pampu za maji. Tulikaa Rongai, tukahamia Kisaju mwaka wa 2001."

Jina la kwanza, jina la baba, na Ugunja tulikozaliwa. Hivyo ni vitu vitatu. Hata mimi niliyewaunganisha wapita njia wa wilaya nzima kuwa mke mmoja nisingehitaji cha nne.

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kupanda juu ya magunia niimbe. Miaka kumi na moja nilikuwa nikimtafuta huyu mtu, na jina nililoliandika kwa kumkosa ndilo lililomtoa nyumbani kwake, likamketisha Bisil na gazeti, na ndilo lililomleta mkewe hapa mbele yangu na viatu vya samadi. Nilicheka peke yangu. Mzee akaniuliza kama nimeishiwa na wino.

Nilichapisha barua, akaitia sahihi, nikagonga muhuri mara mbili. Kisha nikamwomba Nyaguthii tuingie ofisi ya nyuma.

"Mama Cindy," nikasema, "hilo jina sikulitoa hewani. Nililiandika kwa sababu ya Obura. Mimi ni dada yake. Mimi ni Adero."

Nilikuwa nimefungua mikono. Alikuwa wifi yangu, na nilikuwa nimemngoja kwa miaka mingi.

Nyaguthii hakusogea. Aliniangalia usoni muda mrefu, jinsi askari anavyolinganisha uso na kitambulisho. Kisha macho yake yakashuka polepole hadi chini, akaiangalia miguu yangu, mmoja, halafu wa pili. Nikafikiri anaangalia viatu. Nilivifuta mara moja kwenye soksi.

"Adero," akasema.

"Ndiyo."

"Wa tumbo moja na Obura."

"Ndiyo. Tuko wawili tu."

Akarudi nyuma hatua moja. Nikajua amekumbuka maneno ya Baba ya mwaka ule, na jinsi nyumba yetu ilivyomkataa. Nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya watu wote wa kwetu, lakini akaniinulia mkono.

"Wewe mpigie," akasema. "Kwa simu yako, hiyo hajui nambari yake, atashika. Ongea mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia hii kitu."

"Kitu gani?"

"Mpigie tu."

Akanisomea nambari kutoka kichwani. Nikaibonyeza, nikakosea, nikaibonyeza tena. Nje akina mama wa kuku walikuwa wakimwimbia mtamba. Nilikuwa natabasamu hadi mashavu yaliuma. Nilikuwa nimepanga la kwanza nitakalomwambia: kwamba ngamia ni wangu.

Simu ikaita mara tatu.

"Halo?"

Sauti ilikuwa imekuwa nzito, lakini ilikuwa yeye. Nyuma yake nilisikia mbuzi wengi na mtu akitangaza bei. Nikamsalimia kwa Kiluo, kwa jina tulilomwita utotoni, ambalo hata mkewe pengine halijui.

Akaniuliza kwa Kiswahili, "Ni nani?"

"Ni Adero."

"Adero gani?"

"Adero wa Ajwang. Dada yako."

Nilisikia gazeti likikunjwa. Nilisikia akitembea, na kelele za mbuzi zikibaki nyuma, hadi mahali alipokuwa pakawa kimya.

"Sikiza, madam," akasema. "Sijui ni nani amekupatia hiyo jina, na sijui unataka nini kwangu. Adero alizikwa mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba. Baba aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo barua natembea nayo mpaka leo. Sasa niambie wewe ni nani, kabla sijakata."